Shamba Liombwe Mkutanoni

Mwanangu Adventina,

Najua barua huanza kwa habari za siku nyingi, mimi mzima, hofu kwako. Siku nyingi zipi, na uji wa asubuhi tumekunywa pamoja? Na hofu kwako sina. Ningekuwa nayo ningemtuma mwingine. Kwa hiyo marahaba, hata kabla hujaniamkia, tuendelee.

Nimekaa mlangoni pa jiko. Jua bado lipo, maharage yanachemka, na wewe umekwenda kumuaga shangazi yako Domina. Kwa jinsi ninavyomjua wifi yangu, hatakuachia kabla hajakulisha na kukuliza, kwa hiyo nina nafasi. Nimeamua kuandika kwa sababu ukiwa mbele yangu unanikatiza. Nikifungua mdomo tu unaniambia, "Mama, hilo ulishasema." Haya, ikatize karatasi nikuone.

Mambo ya blanketi, sufuria na ndala sitayagusa. Wewe ni mtu mzima, na mimi kwa umri wako nilikuwa nimeshakuzaa. Na usishangae kuona Kiswahili kitupu. Ndani ya nyumba hii tunasema Kihangaza, tunagombana kwa Kihangaza, na baba yako marehemu alinichumbia kwa Kihangaza. Lakini keshokutwa utasimama mbele ya watu kwa Kiswahili, nami nataka maneno haya uyasome humo garini kuelekea Nyakanazi mpaka yakuzoee mdomoni.

Jambo lenyewe unalijua, ila niliweke hapa wazi, kwa maana wakati mwingine mtu akizunguka sana na mikutano husahau alichotumwa. Mkutano mkuu wa kile kijiji cha Nyarubungo, huko Biharamulo, utaulizwa swali moja: wanakubali kitongoji chetu chote kihamie kwao, kipewe ardhi pamoja, au hawakubali? Wakikubali, tutahama kabla ya mvua. Wakikataa, mvua itatukuta hapa chini ya mlima. Hayo ndiyo unayokwenda nayo. Mengine yote ni mizigo tu.

Wewe mlima huu unaukumbuka ukiwa uchi. Mimi niliolewa hapa ukiwa na miti, hata kuni tulikuwa tunaokota bila panga. Kambi za wakimbizi zilipofurika watu, miti ikaenda. Utakapofika kule utasikia wakisema, "Wakimbizi ndio waliomaliza misitu ya Ngara." Usiwaitikie haraka. Wakimbizi walipika chakula kama watu wote, na kuni walizopikia nyingi waliuziwa na sisi wenyeji. Mimi nilinunua vitenge vyangu vya Krismasi kwa kuni za mlima huu, tena nikaringa navyo kanisani.

Lakini miti siyo habari yote. Mvua yenyewe imebadilika tabia. Zamani ilianza kwa kunyunyiza, ukawa na muda wa kupanda maharage na kupalilia migomba, ndipo ikaja ya nguvu. Siku hizi inatuacha vumbi linaingia mpaka kwenye chumvi, halafu siku moja inamwaga ya mwezi mzima. Yule bwana wa mazingira aliyekuja kutoka wilayani alisema siyo hapa tu, dunia nzima inapata joto na mvua zimevurugika kila mahali. Nikamuuliza kama dunia nzima ina mlima umeinama juu ya paa. Akacheka, lakini alipopelekwa kuuona ule ufa kule juu ya migomba aliacha kucheka. Mlipokuwa wadogo mliuruka kama mchezo. Sasa mbuzi akitumbukia hatoki.

Nataka nikusimulie vizuri safari yetu ya kwanza ya kuhama. Unaijua kwa masimulizi ya baba yako, ambaye alikuwa hawezi kusimulia jambo bila kuchekesha watu, akaweka mgambo anayeogopa kuku na lori linalokohoa. Ulikuwa mdogo, tulikuacha kwa bibi yako. Leo isikie bila kuku.

Ni katika miaka ile kambi zilipokuwa zimejaa. Udongo uliteremka ukafunika nyumba ya jirani yetu, bahati nzuri watu walikuwa shamba. Baba yako akasema hapa hapakaliki. Alikuwa na rafiki upande wa Biharamulo, mzee mmoja mwenye ardhi pana, walijuana sokoni kwa biashara ya ndizi. Kijiji chake sikitaji, yaliyopita yamepita. Yule mzee akasema, "Njooni, ardhi ninayo, migomba yenu italala kwangu kama iko kwenu." Tukaenda nyumba chache, sisi mbele.

Tukafanya kila kitu kwa desturi yetu. Unajua jinsi tunavyopeana ardhi huku. Anayepewa anapeleka rubisi ya ndizi, majirani wanaitwa, wote wanakunywa kwa mirija kutoka chungu kimoja, kisha mwenye ardhi anakutembeza mpakani na minyaa inapandwa iwe alama. Imekwisha. Ukimwomba karatasi mtu aliyekunywa nawe chungu kimoja, umemwambia machoni kwamba humwamini, na watu watakushangaa. Rubisi ile niliisindika mwenyewe, kwa ndizi nilizobeba kutoka huku. Ilikuwa nzuri mno. Yule mzee aliimba.

Siku chache baadaye akapita mtendaji wa kijiji, kijana mpole mwenye baiskeli. Akatusalimu vizuri, shikamoo baba, shikamoo mama, akasema, "Karibuni sana. Jumamosi tuna mkutano wa kijiji. Njooni mjitambulishe, wananchi wawaone, waseme wamewakubali."

Baba yako akanitazama. Mimi ndiye niliyejibu. "Ahsante mwanangu," nikasema, "lakini sisi tumeshapokelewa."

"Mmepokelewa na mzee, mama. Kijiji bado hakijawapokea."

Loo, nilimwona kijana mkosefu wa adabu! Kwenda kusimama mbele ya watu kuomba ardhi ambayo mzee ameshatupa, si ni kumpita mwenyeji wetu kichwani? Si ni kumwambia kwamba neno lake halitoshi? Nikasema hatuendi. Na wale wenzetu wakasema kama mama Adventina haendi, nasi hatuendi. Ile Jumamosi tuliisikia ngoma ya kuita watu mkutanoni, nasi tukaendelea kupalilia kwa adabu zetu zote.

Naona umekunja uso. Ulidhani mama yako amezaliwa anajua mambo ya mikutano! Hapana. Nilikuwa mjinga mwenye heshima, na hao ni hatari kuliko wajinga wengine, kwa sababu hakuna anayewasahihisha.

Tukalima. Migomba ikashika. Kisha mwenyeji wetu akaugua, mwanawe akamchukua kwenda kumtibia Mwanza, na hakurudi. Watu wakaanza kuuliza: wale walioko kule bondeni ni wa nani? Nani aliwaleta? Wakati huo wakimbizi waliotoka kambini walikuwa wakitafutwa vijijini. Asubuhi moja wakaja wanamgambo. Hawakuja kwa ugomvi. Wakauliza tunatoka wapi, baba yako akawajibu kwa Kiswahili safi kwamba sisi ni Wahangaza wa Ngara, Watanzania. Walikuwa karibu kuamini. Halafu baba yako, kwa kuwa ni mtu aliyelelewa, akageuka akaniambia kwa lugha yetu nilete maji, wageni wana kiu.

Basi! Wakatazamana. "Warundi hawa," akasema mmoja wao.

Ungewaambia nini? Kwa sikio la mtu wa mbali, Kihangaza na Kirundi ni kitu kimoja. Tuliwaambia twendeni kwa jirani awaambie sisi ni nani. Jirani akasema ukweli: anatuona, lakini hajui sisi ni nani, hatukuwahi kujitambulisha. Tukapandishwa lori. Baba yako, aliyezaliwa Ngara, akabatizwa Ngara, akalipa kodi Ngara, akalala chini ya turubai la kambini pamoja na watu waliokimbia vita. Utani wake wote ulimwisha tangu tulipoteremka. Nilimwogopa kuliko nilivyowaogopa wale wanamgambo.

Palikuwa na mama mmoja wa Kirundi kwenye hema la jirani, Spesiyoza. Alituletea uji bila kuombwa. Tukazungumza, yeye Kirundi mimi Kihangaza, tukaelewana kila kitu. Nikamwambia tumeonewa, sisi siyo wakimbizi. Nikategemea atanionea huruma. Yeye akasema, "Mimi nimekimbia, kwa hiyo nina kadi. Kadi inasema nisirudishwe kwa nguvu, nipewe chakula, nikae hapa hapa. Kuhusu shamba haisemi kitu. Wewe umekimbia mlima. Kadi yako iko wapi?"

"Sihitaji kadi, niko nchini kwangu."

"Kama uko nchini kwako," akasema, "mbona hakuna hata mtu mmoja kule aliyekusemea?"

Adventina, maneno yale yaliniingia. Nililia usiku kucha, na siyo kwa ajili ya lori. Yule mama alinionyesha kitu ambacho baadaye wanasheria walinifafanulia kwa maneno marefu zaidi: mtu aliyefukuzwa na vita sheria inamjua, ina jina lake. Mtu aliyefukuzwa na mvua ndani ya nchi yake hana jina hilo. Hatapata turubai wala kadi. Alichonacho ni uraia wake, nao haumfai kitu mpaka ausimamishe mbele ya watu na kusema, nipo hapa, nawaomba, nijibuni.

Mwenyekiti wetu wa kijiji alikuja kututambua, tukatoka. Tulipoulizia migomba yetu, tukajibiwa kwa upole kabisa: tuonyeshe muhtasari wa mkutano uliotupa ile ardhi. Tungeonyesha nini, mirija? Tukarudi chini ya mlima mikono mitupu, na wale wenzetu walionifuata mimi wakarudi pia.

Baada ya hapo nikawa mtu wa kuuliza. Wewe ulikuwa unaona aibu, eti mama yako anang'ang'ania maofisa kama kupe. Hata nafasi ya halmashauri ya kijiji niliigombea kwa sababu hiyo, nisikie mambo yakiwa bado mabichi. Nikuambie nilichokipata, kwa sababu keshokutwa kuna mtu atasimama akuulize kwa nini msifanye hivi au vile, nawe usibabaike.

Atakuuliza kwa nini serikali isiwahamishe. Tulikwenda wilayani. Ofisa wa ardhi alitupokea vizuri, akatuambia ardhi yote iko mikononi mwa Rais kwa niaba yetu, na serikali inaweza kuitwaa kwa kazi ya umma na kuwalipa fidia waliomo. Nikafurahi. Akasema lakini hapa hakuna barabara inayopita, hakuna mradi. Kinachotuondoa ni mvua, na mvua haina ofisi ya kulipa fidia. Tena akasema serikali haina bajeti ya kuhamisha watu kwa maporomoko ambayo bado hayajatokea.

"Kwa hiyo mnasubiri tufe ndipo mje na mablanketi?" nikamuuliza. Mwenyekiti wetu akanifinya.

Yule ofisa hakukasirika. Akavua miwani, akasema, "Mama, mimi sina ardhi mfukoni. Ardhi ya vijiji iko kwa vijiji. Tafuteni kijiji kitakachowakubali, kwenye mkutano wake mkuu, kwa muhtasari. Mkija na hilo, mimi nitakuwa na kazi ya kufanya, na nitaifanya." Na ameifanya, siwezi kumnyima haki yake. Barua za kwenda Biharamulo ni yeye aliyezisukuma.

Mwingine atauliza kwa nini tusikate ardhi nyingine hapa hapa kijijini kwetu. Tulijaribu, unakumbuka zile siku nilizorudi nimevimba uso kwa hasira. Kilichobaki ni malisho na kile kimsitu cha chanzo cha maji. Tukikaa malishoni tutagombana na majirani mpaka wajukuu, na tukikata chanzo cha maji tutakuwa tumeufuata mlima mwingine utuangukie. Hapana.

Na mtu wa tatu, huyu ndiye mjanja, atasema kwa nini kila familia isinunue kipande chake inapotaka, mambo yaishe. Mwambie wenye nguvu wameshafanya hivyo. Fulani yuko Nyakanazi anauza chakula kwa madereva, fulani yuko kwa wakwe zake. Waliobaki ni wajane, wazee na wenye watoto wengi. Tukitawanyika, wao ndio watakaobaki chini ya ufa. Tunaomba pamoja kwa sababu wapo wasioweza kuomba peke yao. Hilo liseme bila kupamba.

Ile semina ya sheria mpya ya ardhi ya vijiji, pale ukumbi wa parokia, nilikaa mstari wa mbele kama mwanafunzi. Yule dada mwanasheria alisema halmashauri ya kijiji inagawa ardhi, lakini mpaka mkutano mkuu uridhie. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba tena. Watu wakaanza kucheka, nami nilikuwa namwona yule kijana wa baiskeli mbele yangu, na adabu zangu zote. Akasema pia kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanaume kwenye ardhi hiyo, kupewa, kuandikwa, kuwa na hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lake. Hapo wanaume wakaacha kucheka.

Kwa hiyo usisahau hili la majina. Watakapokubali, na watakubali, mtaanza kupima na kuandika. Mwandishi atauliza jina la baba mwenye nyumba. Mwambie aandike na la mama. Akisema nafasi ni ndogo, mwambie apunguze mwandiko.

Sasa watu wenyewe. Kule kuna Wasubi, Wazinza na Wasukuma wenye ng'ombe, kuna Wakristo na Waislamu, na wamezoeana. Wana wasiwasi nasi, na wana haki. Wanaogopa tutamaliza malisho. Wanaogopa kesho tutataka mwenyekiti wetu. Na wapo watakaosema kwa sauti ya chini kwamba hawa ni Warundi. Usingoje waseme. Anza wewe. Waambie, "Najua mnaogopa hili na hili," kisha ueleze mipaka tuliyokubaliana na halmashauri yao, kwamba njia ya ng'ombe kwenda majini haitaguswa. Kuhusu hilo la Warundi, mwenyekiti wetu atakuwapo na atasimama kututambua mbele ya wote. Na wewe ukigeuka kumwambia jambo, mwambie kwa Kiswahili. Usiione aibu lugha yetu, lakini siku hiyo kila mtu pale ana haki ya kusikia tunachosemezana. Baadaye, tukishakuwa majirani, watajifunza Kihangaza wapende wasipende, nitakuwa nawapigia kelele nacho kila asubuhi.

Usiombe huruma. Waombe nafasi. Waambie sisi ni mabingwa wa migomba, kwamba kila nyumba ya huko itapata machipukizi, na tutachanga nguvu kujenga darasa. Anayeonewa huruma hupewa pembe ya shamba. Jirani hupewa shamba.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya niandike. Mzee Lukasi, yule aliyetupokea tulipokwenda kuonana na halmashauri yao, ametuma salamu kwa dereva mmoja wa huko. Anasema ameshakutengea wewe shamba zuri karibu na maji, uanze kulima hata kesho, usingoje maneno ya mikutano. Na anasema jioni ukifika ameandaa kinywaji, mje mkae mpatane.

Mzee Lukasi ni mtu mwema, Adventina. Nataka uelewe hivyo, kwa sababu angekuwa ni mtu mbaya nisingehangaika, ungemwona mwenyewe. Amefurahi kutupata na anataka kutufanyia wema. Wewe utakuwa umechoka na vumbi la njiani, ni mgeni, na mzee mwenye mvi atakushika mkono akuonyeshe udongo mweusi mzuri. Kila ulichofundishwa na mimi tangu utoto kitakuambia upige magoti, useme ahsante na upokee. Usipokee.

Kaa naye. Mwamkie, kula chakula chake, msifu mke wake mapishi. Halafu mwambie, "Babu, naomba shamba hili ulitaje kesho mkutanoni, mbele ya watu wote, ili siku mimi na wewe hatupo asiwepo wa kuuliza." Akichukia, nisingizie mimi. Mwambie mama yangu ni mwanamke mkali, ameniapisha. Haitakuwa uongo. Ukishapokea wewe, wale walio nyuma yako watasema kama Adventina amepewa na mzee, nasi twende kwa wazee. Kila mmoja atapata mwenyeji wake mwema, na kitongoji kizima kitakuwa kimejengwa juu ya afya ya wazee wachache. Najua kinavyobomoka. Nilikuwamo.

Hapa wanaendelea kunong'ona kwamba nimemtuma binti asiye na mume kwenda kusemea watu wazima. Waache. Walipoulizwa nani aende, kila mwanaume alikumbuka ana mgonjwa. Wewe ulisimama. Kidato cha nne unacho, Kisukuma kidogo umekiokota kwa wauza samaki, na ukikasirika sauti yako haipandi, jambo ambalo sijui umelirithi kwa nani, kwangu siyo. Nimekuchagua kwa sababu hizo, siyo kwa sababu ni mwanangu. Kwa sababu ni mwanangu ndiyo maana tangu asubuhi nimeweka chumvi mara mbili kwenye maharage.

Kuna swali moja watakalouliza ambalo hatukulizungumza kwenye kamati yetu ya kuhama, kwa maana nililiogopa. Watauliza, "Mnakuja kukaa kwa muda gani?" Watu wetu wengine watataka ujibu kiungwana, useme tutakaa mpaka hali itulie, ili tuonekane siyo walafi. Usijibu hivyo. Anayekaa mpaka hali itulie ni mpangaji, na mpangaji huambiwa ahame.

Jibu kwa kuomba eneo la makaburi. Najua ni neno zito kulitamka mbele ya watu wanaokukaribisha. Litamke. Sema tunaomba mashamba, tunaomba nafasi ya kanisa na darasa, na tunaomba mahali pa kuzikia watu wetu, papimwe na paandikwe kwenye muhtasari kama mengine.

Najua unachokifikiria. Nimekuona ukiangalia kaburi la baba yako kule juu ya migomba, halafu ukiniangalia mimi. Shangazi yako naye ameshakuambia, nina hakika, kwamba mama hatahama, hatamwacha mumewe mlimani. Nimelala naye miaka yote ile, Adventina, namjua kuliko Domina anavyomjua kaka yake. Mtu aliyelazwa chini ya turubai la watu kwa sababu hakuna aliyemsemea hawezi kutaka mkewe abaki hapa angoje udongo. Nitamuaga vizuri, nitalia ninavyotaka, kisha nitakuja.

Kwa hiyo watakapokuuliza kama kweli tunakuja kukaa, waambie wazi: mama yangu yuko hai, ana nguvu, ana mdomo, anakuja kulima hapa, na siku akifa hatarudishwa Ngara. Atazikwa hapa. Waulize wanakubali au hawakubali, kisha nyamaza, wahesabu mikono wenyewe.

Mama yako,
Leokadia